Kubadilisha rimu na matairi ya sedani: namba za kukagua kabla hujalipa

Makosa ni yaleyale. Mtu anaingia dukani akijua neno moja tu, "inchi 17". Anatoka na rimu nne zinazong'aa, na wiki haijaisha yuko kwa fundi: tairi linasugua fenda abiria wakikaa nyuma, usukani unatetemeka akifika kilomita 90 kwa saa, au nati zinalegea kila baada ya siku tatu. Inchi ndiyo namba rahisi kuliko zote. Zinazoharibu kazi ni zile ambazo muuzaji hazitaji usipomuuliza.

Mfano wetu ni Toyota Premio toleo la 2007, T260, yenye matairi ya 195/65R15 (195 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, 15 ni inchi za rimu). Gari hili limejaa Dar es Salaam na Nairobi, na Allion ya umri huo ni ndugu yake. Mwenye Mark X, Crown au Impreza atafuata hatua hizihizi, ila aweke namba za gari lake.

## Uwe na hivi mkononi

- Futi ya chuma na rula ndefu iliyonyooka
- Kalipa ya kupimia. Ya plastiki inatosha
- Jeki, stendi mbili za kuegemeza gari na spana ya magurudumu
- Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza nati, hata ya kuazima kwa fundi
- Brashi ya waya
- Kikokotoo cha simu na tochi
- Karatasi ya kuandikia namba, maana dukani kichwa husahau

## Hatua ya 1: Soma gari, usisome matairi yaliyomo

Fungua mlango wa dereva, tazama kibandiko kwenye nguzo ya mlango au ukingoni mwa mlango wenyewe. Kinaonyesha saizi ya tairi la kiwandani na kiasi cha upepo. Andika vyote viwili.

Usianzie kwenye tairi lililofungwa sasa. Magari mengi ya mtumba kutoka Japani yameshapitia mikono miwili mitatu, na huenda mwenye gari wa kwanza alishabadilisha. Ukipiga hesabu juu ya kosa la mwenzako, unaongeza kosa lako juu yake.

Kisha vua gurudumu moja, ugeuze rimu, usome mgongo wake. Utakuta maandishi kama 15x6J na namba kama 45 au ET45. Hiyo 6J ni upana kwa inchi, na 45 ni ofseti kwa milimita (maana yake iko Hatua ya 5). Rimu za chuma mara nyingi zina maandishi hafifu. Zisugue kwa brashi kwanza.

## Hatua ya 2: Matundu na PCD

PCD ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu yote ya bolti. Premio hii ni 5x100, yaani matundu matano kwenye duara la milimita 100. Mark X na Crown ni 5x114.3. Vitz ni 4x100.

Kupima matundu manne ni rahisi: toka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolitazama. Matundu matano hayatazamani, kwa hiyo pima kati ya matundu mawili jirani, katikati kwa katikati, kisha zidisha kwa 1.701. Ukipata takriban mm 58.8, hiyo ni 5x100. Mm 67.2 ni 5x114.3. Mm 65.8 ni 5x112, ya magari mengi ya Kijerumani.

Ujanja wa kupima bila kubahatisha katikati: pima toka ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa jirani yake. Jibu ni lilelile.

Onyo: 5x112 na 5x114.3 zinakaribiana kiasi kwamba nati zinaweza kuingia kwa kulazimishwa. Bolti zinapinda kidogo, rimu inakaa upande, na mtikisiko wa barabara unazichosha mpaka moja ikatike. Vivyo hivyo kwa fundi anayejitolea "kupanua matundu" kwa drili. Rimu yenye matundu kumi iliyotengenezwa hivyo kiwandani haina tatizo. Iliyochongwa gereji iache hapohapo.

## Hatua ya 3: Tundu la kati na nati

Hapa ndipo unapozaliwa mtetemeko ambao mafundi watatu watausingizia balansi, yaani mlingano wa uzito wa gurudumu.

Katikati ya rimu kuna tundu kubwa linalovaa kwenye shingo ya habu, kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Shingo hiyo ndiyo inayoiweka rimu katikati kamili, na nati zinaibana tu isitoke. Habu ya Premio ni mm 54.1. Rimu nyingi za madukani zimetobolewa mm 73.1 ili ziuzike kwa magari ya kila aina. Ukifunga hivyohivyo, rimu inaelea karibu sentimita moja kila upande na kutegemea nati peke yake.

Dawa yake ni ringi za habu: pete za plastiki ngumu au alumini zinazojaza nafasi hiyo. Upande wa nje mm 73.1, upande wa ndani mm 54.1, pete nne. Ni kitu cha bei ndogo. Pima tundu la rimu kwa kalipa kabla ya kuagiza, maana 73.1 si lazima iwe ya rimu yako. Tundu la rimu likiwa dogo kuliko 54.1, rimu hiyo haikaliki.

Mfano unaowaponza wengi ni rimu za Subaru Impreza. Nyingi ni 5x100, kwa hiyo muuzaji anasema "zinaingia Premio", na kweli zinaingia. Lakini tundu lake ni mm 56.1, unahitaji ringi ya 56.1 kwa 54.1. Na nati za Subaru ni M12x1.25 (bolti nene mm 12, jino hadi jino mm 1.25), ilhali za Toyota ni M12x1.5. Ukilazimisha nati za Subaru kwenye bolti za Toyota, zitazunguka mara mbili kisha kukwama, na meno ya bolti yameshaliwa.

Tazama pia kichwa cha nati mahali kinapokaa. Kuna cha koni, kuna cha mviringo kama mpira, na kuna bapa chenye washa, ambacho kipo kwenye rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota. Rimu za madukani kwa kawaida hutaka koni. Nati bapa kwenye tundu la koni inagusa ukingo tu. Unakaza leo, kesho imelegea. Nunua nati 20 za aina sahihi pamoja na rimu.

Dalili ya kufaulu: rimu inavaa kwenye habu kwa kubana kidogo na kukaa yenyewe kabla hujafunga nati hata moja. Kisha kila nati izunguke kwa mkono angalau mara nane kabla ya kukaza. Mizunguko minane ya M12x1.5 ni mm 12 za meno, sawa na unene wa bolti. Chini ya hapo, usiendeshe.

## Hatua ya 4: Kipenyo cha tairi

Rimu ikikua, ubavu wa tairi lazima upungue ili urefu wote ubaki palepale. Usipofanya hivyo, mita ya kasi inadanganya, tairi linafika kwenye fenda, na gari linakuwa zito kuondoka.

Hesabu: zidisha upana wa tairi kwa asilimia ya ubavu, zidisha kwa 2, kisha ongeza inchi za rimu mara 25.4.

Kwa 195/65R15: 195 × 0.65 = 126.75. Mara mbili ni 253.5. Ongeza 15 × 25.4, yaani 381. Jumla mm 634.5. Hiyo ndiyo namba ya kulinda.

Ukilinganisha na wenzake:

- 205/60R15: mm 627.0, pungufu ya asilimia 1.2
- 205/55R16: mm 631.9, pungufu ya asilimia 0.4
- 205/60R16: mm 652.4, zaidi kwa asilimia 2.8
- 205/50R17: mm 636.8, zaidi kwa asilimia 0.4
- 215/45R17: mm 625.3, pungufu ya asilimia 1.5
- 225/45R17: mm 634.3, karibu sawa kabisa
- 225/40R18: mm 637.2, zaidi kwa asilimia 0.4

Kaa ndani ya asilimia 2, juu au chini. Wengi hupenda 205/60R16 kwa sababu inanyanyua gari kidogo. Inanyanyua kweli, karibu mm 9, lakini mita ikionyesha 80 mwendo wa kweli umeongezeka kwa zaidi ya kilomita 2, na nyuma nafasi ya tairi inabana ukipakia mzigo.

Sasa ubavu wenyewe. 195/65R15 ina ubavu wa mm 127. 205/55R16 ina mm 113, 205/50R17 ina mm 102, na 225/40R18 ina mm 90 tu. Ubavu ndio unaopokea tuta lisilo na rangi na shimo lililojaa maji. Kwa barabara zetu inchi 16 ndiyo chaguo la busara: gari linapendeza, linakamata lami vizuri zaidi, na shimo moja haliharibu rimu. Inchi 17 ni kwa anayetembea lami tupu. Inchi 18 kwenye Premio ni ya kupigia picha. Mwenye kupita barabara ya vumbi kila jioni atakuwa mteja wa kudumu wa mnyoosha rimu.

## Hatua ya 5: Upana na ofseti

Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaokaa kwenye habu. Namba ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani kuelekea shokapu. Ikipungua, gurudumu linatoka nje kuelekea ukingo wa fenda. Upana nao unaongeza pande zote mbili, kwa hiyo kuangalia kimoja bila kingine ni kubahatisha.

Hesabu ni mbili. Ndani: nusu ya upana kwa milimita, kujumlisha ofseti. Nje: nusu ya upana, kutoa ofseti. Fanya kwa rimu ya zamani na mpya, kisha linganisha.

Tuseme ya zamani ni 15x6J ET45. Upana ni mm 152.4, nusu yake 76.2. Ndani ni 121.2, nje ni 31.2.

- 16x6.5J ET45: ndani 127.6, nje 37.6. Imeongezeka mm 6 kila upande. Hii ni salama kwa kawaida.
- 17x7J ET42: ndani 130.9, nje 46.9. Imeingia ndani karibu mm 10 na kutoka nje karibu mm 16. Hapa lazima upime kwenye gari.
- 17x7.5J ET35: ndani 130.3, nje 60.3. Imetoka nje mm 29. Hii ndiyo inayosugua abiria wakipanda, na ndiyo mnayouziwa kwa jina la "universo", yaani ya kila gari.

Rudia hesabu hiyohiyo kwa tairi, ukiweka upana wa tairi mahali pa upana wa rimu, na uchukue ongezeko lililo kubwa zaidi.

Rimu ikiwa haina ofseti iliyoandikwa, ilaze kifudifudi, uso chini. Weka rula juu ya ukingo wa mgongo, kisha pima toka rula hadi uso unaokaa kwenye habu. Fanya hivyo kwa rimu ya zamani pia. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo milimita kamili ambazo gurudumu jipya litaingia au kutoka ndani.

Kabla ya kununua, nyanyua gari, uliweke juu ya stendi, na upime nafasi iliyopo sasa kati ya tairi na shokapu, mbele na nyuma. Toa ongezeko ulilopata. Zikibaki mm 10, unene wa kidole, endelea. Chini ya mm 5, tafuta rimu nyingine.

Hakikisha pia tairi linaruhusiwa kwenye upana huo. 205/55R16 hukaa kwenye rimu za inchi 5.5 hadi 7.5. 215/45R17 inataka 7 hadi 8, na 225/40R18 inataka 7.5 hadi 9. Tairi pana kwenye rimu nyembamba linavimba na kuyumba kwenye kona. Tairi jembamba kwenye rimu pana linaacha ukingo wa rimu wazi kwa kila jiwe.

Kuhusu spesa, zile sahani zinazowekwa kati ya habu na rimu: zinasogeza gurudumu nje tu, hazitibu rimu iliyotoka sana. Spesa nyembamba ya kuchomeka hula meno ya nati. Kama huna budi, tumia ile nene yenye bolti zake na shingo ya mm 54.1. Lakini rimu yenye ofseti sahihi haihitaji spesa.

## Hatua ya 6: Namba ya mzigo na upepo

Baada ya saizi kuna namba na herufi, kama 91H. 91 ni kilo 615 kwa tairi moja. H ni mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa. Usishuke chini ya namba ya mzigo ya tairi la kiwandani.

Mtego upo kwenye ubavu mfupi. 215/45R17 ya kawaida ni 87, yaani kilo 545. Ukilinganisha na 91, umepoteza kilo 70 kwa kila tairi, na gari likijaa watu watano na mizigo ya Krismasi tofauti hiyo si ya kubezwa. Tafuta 215/45R17 iliyoandikwa XL, yaani iliyoimarishwa kubeba mzigo zaidi, ambayo ni 91.

Lakini XL inabeba uzito wake kwa upepo mwingi zaidi. Tairi la kawaida hufikia kilo zake kwa kPa 250, karibu psi 36. XL hufikia kwa kPa 290, karibu psi 42. Kwa hiyo ukihamia XL yenye namba ileile, usijaze kiasi kilekile cha kibandiko. Ongeza karibu psi 4 hadi 6, tairi likiwa baridi. Wanaosahau hili huona tairi jipya likilika pembeni pande zote mbili.

## Hatua ya 7: Kagua mali dukani

Rimu mpya: tafuta alama za JWL na VIA, za viwango vya ubora wa rimu vya Japani, zilizochorwa kwenye chuma chenyewe. Stika si ushahidi.

Rimu za mtumba: usitazame uso, uso umepakwa rangi. Mulika tochi ndani ya pipa (mzingo wa ndani wa rimu) na kwenye mizizi ya spoku. Nyufa hujificha hapo, na alama ya kuchomelewa ni sababu tosha ya kuondoka. Kisha omba izungushwe kwenye mashine ya balansi bila tairi. Ikicheza juu na chini au kulia na kushoto utaiona kwa macho.

Tairi: soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyo ubavuni mwa tairi inayoonyesha lilipotengenezwa na lini. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Matairi yote manne yawe saizi moja, na ya ekseli moja yafanane jina na michoro ya uso wa tairi.

Andikishana na muuzaji kwamba unajaribisha kwanza na kurudisha ikigoma. Anayekataa sharti hilo anajua anachouza.

## Hatua ya 8: Jaribisha magurudumu mawili kabla ya yote manne

Valisha tairi kwenye rimu mbili tu, moja ifungwe mbele, moja nyuma.

Mbele: zungusha gurudumu kwa mkono gari likiwa juu. Spoku zipite mbali na kalipa ya breki, angalau mm 3. Shusha gari, kata usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, tazama plastiki ya ndani ya fenda na shokapu.

Nyuma: pandisha watu watatu kiti cha nyuma, weka mzigo kwenye buti, pita juu ya tuta polepole upande wa gurudumu jipya. Paka chaki ukingo wa ndani wa fenda kabla ya kuondoka. Chaki ikifutika au ikihamia kwenye tairi, inagusa. Zoezi hili la dakika kumi linaokoa fenda na tairi kwa pamoja.

Usikubali ushauri wa "kukunja fenda kidogo". Rangi inapasuka, kutu inaanza, na kosa bado liko kwenye ofseti.

## Hatua ya 9: Kufunga

1. Sugua uso wa habu kwa brashi mpaka kutu itoke. Kutu nene kama karatasi inatosha kuilaza rimu upande.
2. Weka ringi ya habu ndani ya rimu, kisha valisha rimu kwenye shingo.
3. Funga nati zote kwa mkono. Bunduki ya upepo isiguse nati kabla ya hapo.
4. Kaza kwa kuruka: moja, kisha inayoiachia nafasi, kama unachora nyota.
5. Shusha gari, malizia kwa spana ya toki: Nm 103 kwa bolti hizi za Toyota.
6. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100.
7. Fanya balansi na alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu), hasa kama matairi ya zamani yalikuwa yameliwa upande mmoja.

Usiuze nati za zamani. Tairi la spea lina rimu ya chuma, na nati za rimu mpya huenda zisikae juu yake. Funga nati tano za asili kwenye mfuko, uziweke pamoja na jeki.

## Ikigoma, anzia hapa

Usukani unatetemeka kati ya 80 na 110. Angalia ringi za habu kwanza, kisha uso wa habu, kisha balansi, kisha rimu iliyopinda. Wengi huanza na balansi na kulipa mara tatu.

Sauti ya kusugua ukikata kona kabisa. Tairi linagusa plastiki ya ndani au shokapu. Upana au ofseti imezidi upande wa ndani.

Sauti ya kusugua kwenye matuta gari likiwa na watu. Rimu imetoka nje mno, au kipenyo kimezidi. Chunguza pia springi za nyuma. Zikiwa zimechoka, hata saizi sahihi itagusa.

Gari linafuata mikwaruzo ya lami na usukani ni mzito. Tairi pana lenye ofseti ndogo hufanya hivyo. Kagua upepo na alaimenti. Zikiwa sawa, tatizo ni saizi yenyewe.

Taa ya ABS (breki zinazozuia magurudumu kujifunga) imewaka. Kama matairi ya mbele na nyuma yana vipenyo tofauti, kompyuta inaona magurudumu yakizunguka kwa mwendo usiofanana. Vipime. Vikiwa sawa, tafuta waya wa kihisi uliovutwa wakati wa kufunga.

Gari linavuta upande. Badilishana matairi ya mbele, kulia kwenda kushoto, kama si ya kuzunguka upande mmoja. Mvuto ukihamia upande wa pili, tairi ndilo lenye kasoro, na risiti bado ni mpya.

Nati inalegea kila mara. Kichwa hakilingani na tundu, au kuna rangi nzito iliyopakwa kwenye kikalio cha nati. Usiongeze nguvu ya kukaza. Vua rimu, utazame alama ya mgusano: ikiwa ni mstari mwembamba badala ya ukanda mpana unaozunguka tundu lote, nati hizo si zake.